Bilauri ya zawadi na mnara uliokosewa mwaka

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo tu gazetini kwako, jambo lenyewe dogo ila limenikaa tumboni tangu wiki iliyopita. Binamu yangu anaishi Uingereza alikuja likizo, siku ya kuondoka tukapita Mji Mkongwe atafute zawadi za wenzie wa kazini, akachukua bilauri sita zenye picha ya bandari ya Unguja, elfu kumi na tano moja, na hapo tumevutana bei mpaka jasho limenitoka. Bilauri nzuri kwa macho sibishi, imezungukwa na Ngome Kongwe, Beit el Ajaib (ile Nyumba ya Maajabu), majahazi (jahazi moja lina matengo pande mbili kama ngalawa, hilo nasamehe), halafu chini historia ya mji kwa Kizungu kwa herufi ndogo kama chawa. Tumefika nyumbani nikavaa miwani nikaanza kusoma, wallahi nilikaa kitako.

Eti Ngome Kongwe ni ya Wareno. Wareno walikuwa na kanisa lao pale, sawa, lakini ngome wamejenga Waomani baada ya kuwafukuza haohao Wareno mwisho wa karne ya 17, sasa ukuta wa kumzuia mtu asirudi unamwandikia yeye jina mlangoni? Haya, sogea kwenye Beit el Ajaib. Eti picha imepigwa mwaka 1890, na mnara wa saa umegandana na nyumba pale mbele. Sultani Seyyid Barghash nyumba aliijenga 1883 kweli, ila mwaka huo wa 1890 mnara ulikuwa bado umesimama peke yake upande wa baharini na taa yake ya kuongozea vyombo, ukaja kuharibiwa na mizinga 1896, ndo 1897 wakajenga huu wa kuungana na nyumba. Na huu nao si ulianguka na kipande cha jengo siku ya Krismasi 2020, watu wakapoteza maisha, mji mzima ulilia. Kwahiyo aliyechora kachukua picha ya juzijuzi akaibandika tarehe ya zamani basi.

Ila kilichoniuma zaidi ni hiyo 1896 yenyewe. Imeandikwa "vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38" na vinyota pembeni kama kombe la mpira. Jamani. Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini kafariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia jumba la mfalme bila Waingereza kutaka, tarehe 27 saa tatu na dakika mbili asubuhi manowari zikaanza kupiga pale Forodhani. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa wanakaribia watu 500, na jumba lenyewe la mbao na matumbawe, unadhani walikuwa wanajificha wapi. Hayo hayapo. Baada ya hapo bilauri inaruka moja kwa moja mpaka 2000 mji ulipoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, Mapinduzi ya 1964 kwao hayakutokea, Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, haipo, wachukuzi wa bandarini hawapo, soko la watumwa lililofungwa 1873 halipo ingawa kanisa lililojengwa juu yake wamelichora vizuri tu na mnazi pembeni!

Nikarudi dukani (silitaji, na kijana alinipokea kwa adabu) akaniambia, "Mzee wangu, wageni hawasomi hayo, wanaangalia picha." Nikamwambia mwanangu, yule mgeni akifika kwao hatasoma kitabu cha Zanzibar, atakunywa maji kwa bilauri hii miaka kumi. Akacheka, akasema mzigo unakuja umeshachapwa tayari, yeye anauza tu. Nae ana haki, ana kodi ya fremu inamsubiri.

Sasa ombi langu kwa wenye kuagiza hizi bidhaa, kabla hamjatuma mchoro muonesheni hata mtu mmoja wa makumbusho au mtembezaji wageni mzoefu, nusu saa inatosha. Na kama mnataka kitu cha kuuza kweli nawapa bure. Siku ile ya 1896 Waingereza waliizamisha Glasgow, meli ya Sultani, hapohapo bandarini, ikakaa chini lakini milingoti yake mitatu ikabaki juu ya maji mpaka 1912, kila chombo kinachoingia Unguja kinaiona. Ichoreni hiyo meli chini kabisa kwenye kitako cha bilauri. Mtu akijaza juisi ya ukwaju meli haionekani, akinywa kidogokidogo milingoti inatokeza.

Ni mimi mkazi wa Malindi, Unguja