Mashine ya kuchajia isiyopimwa isiandikishwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme jambo moja kuhusu mashine za kuchajia pikipiki na magari ya umeme kwa malipo, ambazo zimeanza kuonekana mojamoja hapa Lubumbashi. Ninaijua desturi ya mji wetu: kitu kikianza kuingiza faranga, siku si nyingi hutokea mtu mwenye kitabu cha risiti kuja kukiandikisha. Sipingi kuandikishwa. Ninachoomba ni kwamba kuandikishwa kufungamane na kupimwa, na mashine ambayo hakuna aliyekagua kama inahesabu sawasawa isipewe namba wala karatasi ya ruhusa, kwa sababu karatasi hiyo itakuwa risiti ya kodi tu, ilhali mnunuzi anayeiona imebandikwa ataidhani ni ushahidi kwamba hapunjwi.

Nimefanya kazi ya umeme kwa miaka mingi katika karakana za migodi, na sasa nimestaafu. Mtoto wa dada yangu anabeba abiria kwa pikipiki ya umeme katika komini ya Kampemba. Betri yake ni ya volti 72 na ampea-saa 40, maana yake ni kwamba ikiwa mpya na imejaa kabisa inabeba kilowati-saa 2.88 (kilowati-saa ndicho kipimo cha kiasi cha umeme, kama lita kwa petroli). Mwezi uliopita alirudi nyumbani akilalamika kwamba amechajia mahali fulani kando ya barabara ya Kasenga, kwenye kasha lenye kioo cha tarakimu, akatozwa bei ya kilowati-saa 3.4. Nikamwuliza betri ilikuwa imebaki kiasi gani alipofika. Akajibu, "Mjomba, ilikuwa imebaki robo." Kujaza robo tatu za betri hiyo kunahitaji kilowati-saa 2.16, na hata nikiongeza umeme unaopotea kwa joto ndani ya chaja, sifiki mbali zaidi ya 2.5. Kulikuwa na karibu kilowati-saa nzima iliyolipiwa ambayo haikuingia popote.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Nilibeba kipimo changu kidogo cha kuchomeka, nikakiweka kati ya kasha na waya wa chaja, tukaketi kwenye benchi chini ya mti tukisubiri. Kasha liliposoma 1.0, kipimo changu kilisoma 0.74. Nakiri kwamba kipimo changu nacho hakijawahi kukaguliwa na mtu yeyote, na huenda kina kosa lake. Lakini vyombo viwili vinavyotofautiana kiasi hicho haviwezi vyote kuwa vya kweli, na katika mji mkubwa kama huu hatukujua mlango wa kubisha ili tuambiwe ni kipi kinachosema uongo. Mwenye kasha hakutufukuza wala hakukasirika. Alisema alilinunua jinsi lilivyo, limetoka ng'ambo likiwa limefungwa, na tangu alifungue amekwisha kutembelewa mara kadhaa na watu wa kudai malipo ya hiki na kile, lakini hajawahi kumwona hata mmoja aliyekuja na chombo cha kupimia. Nilimwamini, na ninamwamini hadi leo.

Wamama wa soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, wanalielewa jambo hili kuliko mainjinia. Unga unapimwa kwa meka, yaani kopo la kupimia, na mnunuzi mwenye akili huigeuza kwanza meka atazame kama kitako hakikugongwa kikaingia ndani. Hata petroli ya kwenye chupa tunayouziwa na kadafi, mchuuzi wa mafuta wa pembeni ya njia, unaiona kwa macho imefika wapi. Umeme hauna kitako cha kugeuza. Mnunuzi anapewa tarakimu kwenye kioo, na tarakimu hiyo ndiyo bidhaa yenyewe kwa kadiri anavyoweza kuiona. Ndiyo maana pampu ya petroli hufungwa lakiri: mkaguzi huja na chombo chake cha chuma cha lita 20 chenye shingo nyembamba, humwaga ndani yake lita 20 kwa hesabu ya pampu, kisha husoma kwenye shingo kama kweli zimefika. Zikifika, anafunga lakiri ili mtu asiguse tena mitambo ya ndani. Mashine ya kuchajia inastahili heshima ileile, kwa chombo cha aina nyingine.

Wenzetu waliotangulia wamefika hapo, ingawa wengi wao walichelewa. Huko Marekani, bunge la jimbo la Texas lilipitisha mwaka 2023 sheria inayoziweka mashine za kuchajia za biashara chini ya idara ileile ya jimbo inayosimamia pampu za mafuta. Mwenye mashine inayolipisha hana budi kuiandikisha, na ile ya nyumbani kwa matumizi ya mwenyewe haiguswi. California ilitangulia kwa kanuni za vipimo: mashine za umeme wa kubadilika (AC, kama ule wa kwenye nguzo) zilizofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na zile za haraka za umeme wa mkondo mmoja (DC, kama ule wa betri) zilizofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023, zinapaswa kutimiza kanuni hizo, na mashine kongwe zikapewa muda hadi mwaka 2031 na 2033. Wakaguzi ni maafisa wa vipimo wa kila wilaya, walewale wanaokagua mizani ya dukani. Muda mrefu namna hiyo walilazimika kuutoa kwa sababu mashine zilikuwa zimekwisha kujaa mitaani kabla ya kanuni. Sisi zetu tunaweza kuzihesabu kwa vidole, na sioni sababu ya kungoja ziwe mia tano ndipo tuanze kuomba muda wa huruma.

Kiwango cha kosa kinachokubaliwa nacho kinafaa kujulikana na wasomaji. Kitabu cha 44 cha taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambacho majimbo mengi huko hukifuata, kinaruhusu mashine mpya kukosea kwa asilimia 1, na iliyo kazini kwa asilimia 2, isipokuwa baadhi ya mashine kongwe za haraka zilizopewa nafuu. Kasha la barabara ya Kasenga, kama kipimo changu hakinidanganyi, lilizidisha kwa asilimia 35.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni kuuza umeme wa kuchajia kwa saa. Sehemu nyingi ndogo hazina hata kioo cha tarakimu: unachomeka, mwenye mahali anaangalia saa ya simu yake, unalipa kwa muda uliokaa. Katika mji wenye umeme thabiti mtindo huo ni mbaya. Katika mji wa delestaji, yaani umeme wa mgao, ni dhuluma, hata kama mwenye mahali hana nia mbaya. Chukua gari dogo ambalo chaja yake ya ndani haivuti zaidi ya ampea 16. Volti zikiwa 220, gari hilo linapokea kilowati 3.52, na kwa saa mbili ni kilowati-saa 7.04. Jioni, watu wote wamewasha majiko na volti zimeshuka hadi 170, ampea ni zilezile 16 lakini kilowati ni 2.72, na kwa saa mbili zilezile gari linapata kilowati-saa 5.44. Bei haikubadilika. Mnunuzi amepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano bila mtu yeyote kumwibia, na umeme ukikatika nusu saa katikati, mara nyingi hata nusu saa hiyo inahesabiwa, kwa kuwa saa ya simu haijui kwamba umeme umeondoka. Ongeza kwamba betri inapokaribia kujaa, chaja yenyewe hupunguza mkondo ili isiiharibu, kwa hiyo saa ya mwisho ndiyo yenye umeme kidogo kuliko saa zote.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe kwamba umeme wa kuchajia unauzwa kwa kilowati-saa. Anayetaka kutoza pia gari linalozuia nafasi baada ya kujaa, atoze, ila alionyeshe deni hilo peke yake na bei yake ibandikwe mahali pa kusomeka. Hata Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake zinazotumika tangu tarehe 13 Aprili 2024, umeamua kwamba mashine mpya za hadharani zenye nguvu ya kilowati 50 na zaidi zitoze kwa msingi wa kilowati-saa.

Kanuni ya pili ihusu mahali pa kupimia. Mashine ya haraka hupokea umeme wa kubadilika kutoka kwenye nguzo, huugeuza ndani ya kabati lake, kisha huupeleka kwenye betri, na katika kugeuza huko sehemu yake huwa joto ambalo unalisikia ukiweka kiganja kwenye matundu ya feni. Mita ikifungwa kabla ya kugeuza, mnunuzi analipia joto la kabati la mtu mwingine. Mita isome kile kinachotoka kwenye ncha ya waya inayoingia garini. Mwenye mashine anayeona hasara hiyo ni kubwa atapandisha bei yake waziwazi, nasi tutaamua kununua au kwenda kwa jirani yake.

Kuhusu usalama sitasema mengi, kwa kuwa ni barua nyingine kabisa. Waya wa ardhi na swichi ya kukata umeme unapovuja ni vitu ambavyo mtu anayesimama kwenye tope la Januari akishika plagi hapaswi kuviombea dua.

Nani afanye kazi hii? Hatuhitaji ofisi mpya, Bwana Mhariri, na nasema hivyo nikijua kwamba ofisi mpya ndiyo jambo ambalo wengi wangelipenda. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ipo tangu mwaka 1974 na masuala ya vipimo si mageni kwake. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi na ikaweka mamlaka ya kuisimamia, ARE. Hao wawili wakae meza moja na wakuu wa jimbo, wakubaliane ni nani anayepima na ni nani anayetunza daftari, ili mwenye mashine awe na mlango mmoja wa kuingilia na ada moja inayojulikana, iliyoandikwa kwenye tangazo la hadharani. Mkaguzi naye aje na mita ya rejea iliyopimwa yenyewe, aichomeke kati ya mashine na gari, aiache ifanye kazi, alinganishe, afunge lakiri na kubandika karatasi yenye namba ya mashine, tarehe ya kupimwa, tarehe ya kurudi na namba ya simu ya malalamiko. Asiyekuja na mita asilipwe ada.

Nimesikia hoja kwamba haya ni mapema mno, kwamba tuache biashara ikue kwanza. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa sababu fundi mdogo aliyekopa ili anunue kasha lake anaweza kuvunjwa na ada ya kwanza tu. Dawa yake ni ada ndogo kwa makasha madogo, hata bure kwa mwaka wa kwanza, lakini kupimwa kusisamehewe. Mwaka 2022 nchi yetu na Zambia zilitia saini mapatano ya ushirikiano kuhusu mnyororo wa thamani wa betri, na kila mkutano tunakumbushwa kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa katika betri nyingi, inatoka kwetu. Ni vizuri. Ila betri ya mpwa wangu ni ya litiamu na fosfati ya chuma, haina hata chembe ya kobalti, na anachohitaji yeye asubuhi kabla ya kuanza kazi ni kujua kwamba kilowati-saa aliyoilipia ameipata.

Mwenye kasha wa barabara ya Kasenga amekwisha kubandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, inayosema kwamba bei yake imepunguzwa kwa robo mpaka mashine itakapopimwa. Juzi alinipigia simu kuniuliza aipeleke wapi, na hadi ninapoandika barua hii sijapata jibu la kumpa. Nitashukuru kama yeyote kati ya ofisi zinazohusika atalijibu swali lake katika ukurasa huu huu.

Wenu katika usomaji,
Fundi umeme mstaafu,
Kampemba, Lubumbashi