Barua kwa Mwanangu: Mama Wawili wa Little Pigeon Creek

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hapa Louisville hatujambo, ila mgongo wa baba yako ndiyo ule ule. Juzi kwenye simu uliniambia unaandika nasaba ya familia na hujui unipange mstari gani. Nilinyamaza, ukadhani nimechukia. Sikuchukia, mama. Yalinijaa moyoni, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda Indiana, kwenye shamba alilokulia Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani? Ulikuwa na miaka 12. Pale kilimani, penye kaburi la Nancy Hanks, mama yake mzazi, uliniona nafuta macho. Nikakwambia vumbi. Halikuwa vumbi.

Ukoo ule watu huuhesabu kwa wanaume. Babu yake, naye Abraham, alihama Virginia akaja Kentucky, na mwaka 1786 akauawa shambani kwake na mmoja wa wenyeji wa asili, wanawe wakiwa papo hapo. Washawnee, kabila moja la wenyeji hao, walikuwa wakiwinda katika nchi hiyo, na mkataba wa 1768 uliowafungulia walowezi njia wao hawakuukubali. Usije ukawasimulia wanao habari za walowezi ukaliruka hilo. Mali ya marehemu ilikwenda kwa kifungua mimba, kwa sheria ya wakati ule. Mdogo wao Thomas hakuambulia kitu. Akajifunza useremala, akanunua mashamba yake mwenyewe hapa Kentucky, nayo yakamtia kwenye kesi za hati, maana mipaka ilipimwa kwa miti na mawe, shamba la huyu likapanda juu ya la yule. Mwishoni mwa 1816 akachoka, akavuka mto Ohio na mkewe Nancy na watoto wawili, Sarah na Abraham, hadi msitu wa Little Pigeon Creek, Indiana.

Huko kilichowamaliza ni maziwa. Ng'ombe waliachiwa wajitafutie majani msituni, wakala gugu moja lenye vijiua vyeupe. Sumu yake hupita kwenye maziwa mpaka kwa mnywaji. Watu waliona ndama anatetemeka, kisha jirani anaumwa, wala hawakujua kuna uhusiano gani. Nancy aliwauguza wenzake, naye akaanguka. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1818. Thomas alipasua mbao za jeneza mwenyewe, na inasimuliwa kwamba Abraham, mtoto wa miaka 9, ndiye aliyekaa na kisu akichonga vijiti vya kuziunganisha, maana misumari hawakuwa nayo.

Wengi wakifika hapo humfikiria huyo mvulana. Mimi nilimfikiria dada yake. Sarah alikuwa na miaka 11, na tangu siku ile jungu likawa lake. Zaidi ya mwaka mzima alipika, akafua, akamtazama mdogo wake. Mwanangu, nilipoletwa na baba yako ulikuwa na miaka 9, umesimama juu ya ndoo ili ufikie jiko, unamkorogea mdogo wako uji. Ulinitazama kama mtu aliyekuja kukunyang'anya mwiko.

Desemba 1819 Thomas alirudi Kentucky akamwoa Sarah Bush Johnston, mjane mwenye watoto watatu. Huyo mama alisafiri na vitanda, viti na kabati lake zuri, akashuka kwenye kibanda cha magogo chenye sakafu ya udongo. Aliwaogesha watoto, akawavisha. Akamwambia mumewe atandike mbao chini. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, lakini alihakikisha kijana akishika kitabu hakuna anayemsumbua hadi akiache kwa hiari yake. Hapo ndipo ninapompenda zaidi kuliko yote. Kumlinda mtoto wa mwenzako katika jambo ambalo wewe hulijui, hiyo si kazi ndogo.

Sarah, yule binti, alifariki Januari 1828 akijifungua, hajatimiza hata miaka 21. Ndugu yake alipochaguliwa kuwa rais, kabla ya kwenda Washington mwaka 1861, alifunga safari ya Illinois mashariki kumuaga mama yake huyo wa kambo. Hawakuonana tena. Baada ya kuuawa kwake, mwaka 1865, bibi kizee alihojiwa, akasema akili yake na ya kijana zilikuwa kama zinakwenda pamoja.

Sasa kuhusu mstari. Anza na mama yako mzazi. Mwandike kwa jina lake kamili, na la baba yake, na kijiji chake. Shangazi yako anayajua yote, mpigie wiki hii, afya yake si ya kuahirisha. Mimi niandike pembeni yake, mstari huo huo ukiwa na nafasi.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Usiku wa kwanza nilipotandika kitanda chako nilikuta kanga ya marehemu chini ya mto, imekunjwa ndogo kama leso. Niliirudisha vile vile. Ulipokwenda chuo uliiacha, nikaiweka kwenye sanduku langu la bati, chini kabisa. Sijaifua. Ukija Desemba nitakupa.

Mama yako