Kwa Nini Hatulazimishi Kifurushi Kuingia Maghala ya Linux Yanapopishana

Lipo lalamiko ambalo wateja wetu wa Mwanjelwa na Uyole wamelirudia sana, kwamba tunatoza fedha ya kazi kubwa kwa kuongeza programu moja tu kwenye kompyuta yenye Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux. Mama mmoja mwenye steshenari alitutamkia waziwazi kuwa anajiona ameibiwa. Tunamheshimu, na kwa sababu hiyo tunaeleza tulichokikuta ndani ya mashine yake.

Ubuntu 22.04 haichukui vifurushi vyake, yaani programu na sehemu zake zilizofungashwa tayari kusakinishwa, mahali pamoja. Lipo ghala la msingi la mtandaoni liitwalo jammy, ambalo halibadiliki tangu toleo hilo lilipotoka Aprili 2022. Lipo jammy-updates la marekebisho, na jammy-security la viraka vya usalama. Mtu aliyetaka kuokoa bando alikuwa ameyazima maghala hayo mawili ya mwisho, ilhali libreoffice-core iliyokuwamo, yaani kiini cha programu za ofisi za LibreOffice, ilikwisha kusasishwa kutoka huko. Mama alipohitaji libreoffice-base, sehemu yake ya hifadhidata, kompyuta ikaiona ile ya ghala la msingi peke yake, nayo inadai libreoffice-core ya toleo lile lile la zamani, wala haikubali jipya zaidi. Usakinishaji ukagoma. Dawa hapo ilikuwa kuirudisha mistari miwili iliyozimwa na kusasisha orodha, kazi ya muda mfupi na ya bei ndogo.

Kabla ya kuja kwetu, hata hivyo, kijana mmoja alimwekea mstari wa noble, yaani ghala la Ubuntu 24.04. Hii ndiyo njia ya mkato inayotuuma kuliko zote. Vifurushi vya noble vimejengwa juu ya toleo la 2.39 la libc6, maktaba ya msingi (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu), wakati jammy inasimama juu ya 2.35; ukivuta kimoja, kinaburuta msingi wa mfumo mzima. Zaidi ya hayo, katika noble maktaba nyingi zilibadilishwa majina kwa ajili ya tarehe za baada ya mwaka 2038, hata libcups2 inayotumiwa na printa ikawa libcups2t64. Kompyuta ilionyesha orodha ndefu ya vitakavyoondolewa, kijana akabonyeza Y, yaani ndiyo, bila kuisoma, na printa ikanyamaza msimu wa mitihani. Kuirudisha libc6 nyuma ni hatari, kwa kuwa karibu kila programu inaitegemea. Tulihamisha kwanza mafaili yote ya wateja wake kwenye diski ya nje, tukahakikisha yanafunguka, ndipo tukausimika mfumo upya. Hiyo ndiyo bei aliyoilipa.

Fundi makini huanza na amri ya apt policy, kifurushi kwa kifurushi, aone toleo lililopo, linalopendekezwa, na ghala linakotoka. Mteja wetu wa Tukuyu alikasirika tulipomwambia asubiri, kwa kuwa seva ya nakala, inayohifadhi nakala ya maghala hayo, ilikuwa haijamaliza kujisawazisha na seva kuu, na alama za uhakiki za mafaili hazikulingana. Alitaka tuzime uhakiki huo. Tulikataa, na tutaendelea kukataa, kwa sababu ndio unaothibitisha kwamba faili lililopakuliwa ndilo lililotolewa.

Basi kompyuta ikikuletea orodha ya vitakavyoondolewa, usibonyeze Y. Ipige picha kwa simu ututumie. Kuisoma picha hiyo hatutozi. Ukaguzi wa dukani tunautoza, na ukikubali matengenezo, fedha hiyo inakatwa kwenye bei ya kazi.