Proforma iandike namba kamili ya prosesa na madabodi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanaonunua kompyuta za mezani za bei nafuu, hasa shule na wenye steshenari. Msikubali proforma iliyoandikwa "Core i5, RAM 8GB" na bei basi. Prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) ya Core i5-6500 ya mwaka 2015 ina kori 4 (sehemu zinazofanya kazi) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina kori 4 na thredi 8, na inaiacha mbali i5 hiyo. Tena Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Shule inayonunua i5 ya kizazi cha 6, kama hiyo 6500, leo imenunua tatizo.

Namba ya madabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, ndiyo husahaulika kabisa, na huko ndiko hela zinakopotelea. Chukua Core i3-8100 ya kizazi cha 8 uipachike kwenye bodi ya H110. Zote ni za sokiti (kikalio cha prosesa) LGA1151, prosesa inakaa barabara na kishikio kinafunga, lakini picha haitokei. Intel walibadili kazi za baadhi ya pini, kwa hiyo kizazi cha 8 kinataka bodi kama H310 au B360. Kuingia si kufanya kazi.

Kwa mashine mpya ya ofisi tunashauri Core i3-12100 na bodi ya H610 ya DDR4. Ziko H610 za DDR4 na za DDR5, na RAM za aina hizo haziingiliani, kwa hiyo aina iandikwe. Angalieni pia herufi F mwishoni: i3-12100F haina grafiki (sehemu ya kutoa picha) ndani yake. Bodi inaweza kuwa na tundu la HDMI na skrini ikabaki nyeusi mpaka ununue grafiki kadi, na ile nafuu ya bei ikaishia hapo. Feni ya mashine ya zamani nayo haifai: matundu ya kufungia feni kwenye sokiti LGA1700 ya i3-12100 yameachana milimita 78, ya LGA1200 ya zamani milimita 75. Ikiwa prosesa inauzwa bila boksi, ulizeni feni iko wapi.

Anayehariri picha au video nyepesi atafaidi zaidi Ryzen 5 5600G, yenye kori 6 na grafiki yake, kwenye bodi ya A520 au B550. Hapa chukueni RAM mbili za 8GB, msichukue moja ya 16GB, kwa sababu grafiki hiyo inachota kumbukumbu kwenye RAM na inahitaji njia zote mbili za RAM. Bodi ya B450 inafaa pia, ila iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kuwa na BIOS (programu inayowasha bodi) ya zamani isiyoitambua prosesa hiyo. Muuzaji aisasishe kabla hamjalipa. Bila hivyo mtatafuta prosesa ya zamani ya kuazima ili kuiwasha tu, isipokuwa bodi iwe na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa.

Kwa vifaa vya mtumba, kagueni pini kwa tochi. Za LGA1700 ziko kwenye bodi, za AM4, sokiti ya hiyo Ryzen, ziko chini ya prosesa. Iliyopinda huonekana kwa mng'ao wake tofauti na wenzake. Kwenye AM4, msivute feni moja kwa moja juu: pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) iliyokauka huing'oa prosesa pamoja nayo, na pini hupinda. Washeni mashine dakika chache ipate joto, izimeni na kuchomoa waya wa umeme, kisha zungusheni feni taratibu kulia na kushoto mpaka iachie.

Muuzaji asiyetaka kuandika namba hizo mbili, ya prosesa na ya madabodi, kwenye proforma, nendeni duka la pili.

Mafundi kompyuta,
Dar es Salaam