Sifuri nane kwenye cheti changu cha jeshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na ni askari wa zamani wa jeshi la nchi kavu la Marekani, nililolitumikia tangu 2009 hadi 2013. Katika miaka hiyo minne, miezi 11 kamili, kuanzia 15 Mei 2011 hadi 14 Aprili 2012, nilikuwa Djibouti, kambi ya Marekani ya Lemonnier. Cheti changu cha kuachishwa jeshi kinasema sikutoka Marekani hata siku moja.

Cheti chenyewe ni fomu iitwayo DD 214. Kwa askari aliyemaliza utumishi, hiyo ndiyo karatasi inayoombwa kila mlango anaobisha: kazi za serikali, mkopo wa nyumba, matibabu, hata kuzikwa katika makaburi ya taifa. Kisanduku 12f ni cha utumishi nje ya nchi. Huandikwa miaka kwa tarakimu nne, miezi kwa mbili, siku kwa mbili. Changu kimeandikwa 0000 00 00. Sifuri nane. Kisanduku 18, cha maelezo, ndicho hutaja nchi na tarehe. Djibouti haimo.

Niliingia jeshini nikiwa na viza ya mwanafunzi. Mwaka ule wa 2009 ulianza mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wenye lugha zinazohitajika kujiunga, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Mkataba wa watu wa lugha ulikuwa angalau miaka minne, na malipo yake yalikuwa uraia. Niliapa uraia nikiwa bado kuruta, kichwa kimenyolewa, na mama yangu Tanga alilia kwenye simu, sijui kwa furaha au kwa hofu.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo. Kikosi changu kilibaki nyumbani. Niliazimwa peke yangu kwa kikosi kingine kilichokuwa kinakwenda Djibouti, na naamini hapo ndipo karatasi zilipopotelea. Kule nilihesabu matairi na katoni za maji mchana, na jioni mara nyingi niliitwa kukaa kati ya watu. Maofisa kutoka Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Tanzania walikuwa wakipita kambini kwa mambo ya Somalia, na mkalimani akikosekana aliitwa karani wa stoo. Nakumbuka ofisa mmoja Mrundi aliyenisikia nikisema "shikamoo". Alinyamaza kidogo, akatazama bendera ya Marekani kwenye bega langu, kisha akaitikia "marahaba" polepole. Tangu siku ile hakukubali kuzungumza na mtu mwingine.

Tulilala ndani ya makontena. Upepo ulipogeuka, moshi wa takataka zinazochomwa ulituingilia hadi kwenye mashuka, na asubuhi nilipopenga kamasi kitambaa kilikuwa cheusi. Joto lilipita nyuzi 40. Sikulalamika, niliona ni sehemu ya kazi.

Siku za kuachishwa nilikwenda kwenye ofisi iliyokuwa ikiandaa vyeti. Mtu wa mezani alinigeuzia skrini, akaniambia nikague kabla ya kutia saini. Nikakagua jina. Jina langu walikuwa wamelikosea tangu siku ya kwanza, mara herufi imeruka, mara la baba limewekwa mbele, kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa hapo. Safari hii lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Nikatia saini. Kisanduku 12f sikukitazama. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini aliyejaza zile sifuri hakuwa mimi.

Mwaka 2016 daktari aliniambia nina pumu. Sikuwahi kuwa nayo utotoni, na kwetu hakuna aliyenayo. Nikanunua dawa za kuvuta kwa fedha zangu, nikaendelea na kazi. Kisha tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden akatia saini sheria ya PACT, inayowahusu waliovuta moshi na vumbi vitani na kambini. Askari aliyetumikia Djibouti baada ya 11 Septemba 2001, akagunduliwa pumu baada ya kutoka jeshini, halazimiki tena kuthibitisha kilichomuuguza. Inatosha aonyeshe kwamba alikuwa huko. Kwa Somalia na Oman sheria inarudi nyuma zaidi, hadi 2 Agosti 1990. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa imeandikwa kama kwa ajili yangu.

Nikapeleka dai la fidia ya ugonjwa kwa idara ya askari wa zamani. Lilirudi na sentensi moja niliyoishika kwa moyo: rekodi haionyeshi utumishi nje ya nchi.

Nikaomba marekebisho. Kosa dogo likithibitishwa, hutolewa karatasi ya nyongeza, DD 215, inayoambatanishwa na cheti. Ofisi ya rekodi ikajibu kwamba amri yangu ya safari haimo katika faili. Amri haimo, kwa hiyo safari haikuwapo. Sasa najaza DD 149, fomu ya kupeleka shauri mbele ya bodi ya kurekebisha rekodi za kijeshi. Haina ada. Muda wake ni miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kumsamehe aliyechelewa ikiona haki inadai hivyo. Bodi huanza kwa kuamini kwamba rekodi ya serikali iko sawa, na haitumi mtu kuchunguza. Mzigo wa ushahidi uko kichwani kwa askari.

Ushahidi wangu ni huu. Ninazo slipu za mshahara za miezi ile, na kwenye kila moja kuna posho ya mahali pa hatari, dola 225 kwa mwezi. Februari 2012 hesabu ilibadilika ikawa ya siku, dola 7.50, na slipu zangu zinaonyesha badiliko hilo. Kwenye karatasi ya kodi, mshahara wa miezi hiyo umetengwa, haukukatwa kodi. Serikali ilijua niliko ilipokuwa inanilipa. Ilijua kila siku, mpaka senti. Haiwezekani hazina inijue na kabati la mafaili linikane, halafu anayetakiwa kuwapatanisha niwe mimi mgonjwa. Slipu za mshahara zilizo mikononi mwa serikali yenyewe zingetosha kufuta sifuri hizo, bila kuisumbua bodi nzima.

Najua wapo waliopatwa na makubwa zaidi. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis liliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, mengi ya watu wa vita vikuu viwili na vita vya Korea. Wazee wale walinyimwa na moto. Faili langu halikuguswa na moto. Lipo, zima, safi, na lina uongo ndani yake.

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Ceylon, akavuka hadi Bama, yaani Burma, akarudi Tanga na mguu usiokunja vizuri. Cheti chake cha kuachishwa alikiweka ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda, na tulipokuwa wadogo alitutolea, akaweka kidole kwenye neno moja, akatuambia tusome. Bama. Mwingereza hakumpa mengi babu, lakini alimwandikia alikokwenda. Wanangu nitawawekea kidole wapi?

Kwa hiyo nina ombi, Mhariri, na ndilo lililonifanya niandike kwenye gazeti la Kiswahili. Wasomaji wako wamo waliopita Lemonnier kati ya Mei 2011 na Aprili 2012, wakiwa askari wa Marekani au maofisa wa nchi zetu. Yeyote anayemkumbuka karani wa stoo Mswahili, mrefu, aliyekuwa akipika chai ya tangawizi kwenye birika la umeme nyuma ya ghala, namwomba aiandikie meza yako, nami nitamfuata. Bodi hupokea maelezo ya mashahidi. Yataje ulikuwa na cheo gani, kikosi gani, tarehe zipi, na ulichokiona kwa macho yako, kisha utie saini. Ukurasa mmoja unatosha.

Na vijana wetu mlio jeshini sasa hivi: siku ya kuachishwa, jina likiwa sahihi, msitie saini bado. Teremkeni hadi 12f.

Wako,
Askari wa zamani, mzaliwa wa Tanga
Minnesota, Marekani