Mpwa wangu, mwacheni bibi aimbe

Mpwa wangu mpenzi,

Umeniandikia kwamba mwimbaji wenu mzee "hafuati mdundo" na wenzako wanataka kumrekodi kipande kipande. Kabla hamjafanya hivyo, nisikilize kidogo. Nimempigia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab na unyago wa Zanzibar.

Watu wakimtaja huanza na sigara. Ni kweli alivuta, tena bila kujificha. Sisi wapigaji tunaikumbuka zaidi mikono yake. Ngome Kongwe ya Unguja usiku, hewa ya bahari hulegeza ngozi za ngoma, na kanuni nayo, yenye nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, hukusumbua mpaka dakika ya mwisho. Mimi nimeinama nakaza nyuzi. Yeye anaigonga ngoma kwa kidole, anatega sikio, anatikisa kichwa. Inarudishwa motoni. Anagonga tena. Ikimridhisha, anajifunga msondo, ile ngoma ndefu, kiunoni, mguu huku na mguu huku, na uzee wote unamtoka.

Hakutuuliza tunaanzia sauti gani. Alianza yeye, sisi tukamtafuta. Nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyemtangulia na aliyefariki 1950, alizishika kwa masikio, enzi ambazo mwimbaji alitegemea koo lake mwenyewe. Basi akiuvuta ubeti, au akirudi nyuma pale ulipodhani amemaliza, ujue wewe ndiye uliyepotea kwa kuwa unahesabu tu, husikilizi.

Mwaka 2005 alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, kule Uingereza, wengi walisema umaarufu umemjia uzeeni. Neno hilo liliniuma, na hata leo, miaka mingi tangu atutoke Aprili 2013, bado linaniuma. Wanawake wa Unguja walikuwa wakimwita kwenye unyago tangu zamani. Dunia ndiyo iliyochelewa.

Kwa hiyo huyo bibi wenu msimkatekate. Mkalisheni katikati, nyinyi mmzunguke. Wewe mwenye fidla kaa mahali unapoyaona mabega yake, maana pumzi huonekana kabla neno halijatoka. Zimeni ile midundo ya kompyuta masikioni mwake. Akirefusha, refusheni. Akinyamaza, mmoja wenu ashike sauti taratibu mpaka arudi. Na kama ana ngoma yake, ipasheni moto mapema, kisha mwacheni aigonge mwenyewe.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako