Mwanangu, wekundu huo ni dawa

Mwanangu Rehema,

Juzi usiku uliponipigia ukilia kwamba mkojo umekuwa mwekundu, nilikujibu kwa mkato kwa sababu na mimi nilishikwa na hofu. Asubuhi nikaenda kumuuliza nesi wa hapa, akanituliza. Hiyo ni rifampisini, mojawapo ya dawa nne zilizomo kwenye vidonge vyako vya TB. Hata machozi na jasho huweza kupata rangi hiyo. Si damu, mama.

Dawa hiyo asili yake ni udongo. Mwaka 1957 maabara ya Lepetit ya Milano, Italia, ilichunguza udongo wa msitu wa misonobari wa pwani ya kusini mwa Ufaransa. Piero Sensi, Maria Teresa Timbal na wenzao wakakuta humo kijidudu kinachotoa kitu cha kuua bakteria wengine. Wakakipa jina la utani kutokana na filamu ya wezi ya Kifaransa, Rififi. Ndiyo asili ya hilo "rifa". Walihangaika miaka kadhaa kupata aina inayofaa kumezwa, na mwaka 1968 rifampisini ikaanza kuuzwa Italia.

Linalonigusa zaidi ni la huku kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ulionyesha kuwa dawa hii ikiongezwa, matibabu ya TB yanaweza kuisha kwa miezi 6. Kabla yake ilikuwa mwaka na nusu, na sindano juu.

Marehemu mjomba wako aliacha dozi mwezi wa tatu wa matibabu. Kikohozi kilikuwa kimekoma, kanenepa, kajiona mzima. Ugonjwa uliporudi ulikuwa sugu, rifampisini haikuuweza tena. Nilimuuguza mimi. Ndiyo maana nakusumbua hivi.

Na jambo hili ni letu wawili: kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie nesi leo, usione haya. Rifampisini hulifanya ini livunje vidonge hivyo upesi, vikakosa nguvu.

Nimeanza kutia alama kwenye kalenda ya ukutani. Leo ni siku ya 11. Nitakupigia kila siku saa 12 asubuhi, umeze nikikusikia, kisha ukae kidogo ndipo unywe chai.

Mama yako